Mzigo wa Plastiki Atwikwe Nani? Kuandaa Mdahalo wa Darasani Bura

Hoja huandikwa ubaoni kwa mstari mmoja: plastiki za kutumika mara moja zipigwe marufuku kabisa nchini. Watetezi wa hoja wanakaa upande huu, wapinzani upande ule, mwenyekiti anagonga meza. Watetezi wanazungumzia kasa na nyangumi walionaswa na takataka za bahari kuu. Wapinzani wanajibu kwamba plastiki ni nyepesi, ni rahisi na bei yake haimuumizi mtu. Kengele inalia, makofi yanapigwa, kura zinahesabiwa, na wanafunzi wanatoka na mawazo yale yale waliyoingia nayo. Kwa shule iliyoko Bura, kaunti ya Tana River, ambako bahari iko safari ya saa kadhaa na mbuzi wako nyuma ya ukuta wa darasa, mdahalo wa aina hiyo umeazimwa kwa watu wengine.

Walimu wengi wanaipenda mada hii, na wana haki. Mtaala wa umilisi unataka mwanafunzi afikiri kwa kina, ashirikiane na wenzake na azungumze mbele ya watu, na plastiki inampa nafasi ya kufanya yote matatu. Tatizo ni kwamba maandalizi huishia kwenye kugawa zamu na kukariri hotuba. Bura ina kila kitu ambacho mdahalo mzuri wa plastiki unahitaji, ila lazima mwalimu akubali kubadilisha swali. Ukiuliza kama plastiki ni mbaya, upande mmoja umeshashinda kabla hujagonga meza. Swali lenye kazi ni jingine: plastiki ikibaki, hasara anaila nani, ikiondolewa, gharama anatwikwa nani?

Kabla ya hapo lazima mipaka ya hoja iwekwe, na hapa panahitaji subira. Wanafunzi wengi huamini kwamba Kenya ilishapiga marufuku plastiki. Kilichopigwa marufuku ni mifuko. Tangazo lilitolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali mapema mwaka 2017, Judi Wakhungu akiwa Waziri wa Mazingira, na likaanza kutekelezwa tarehe 28 Agosti mwaka huo. Lilihusu mifuko ya kubebea bidhaa na ile bapa ya kufungia, iwe ya biashara au ya nyumbani: kuitengeneza, kuiingiza nchini na kuitumia. Adhabu iliyotajwa ni faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4, au vyote viwili. Lakini vifungashio vya kiwandani vinavyogusa bidhaa moja kwa moja vilisazwa. Ndiyo maana mkate ungali ndani ya plastiki, na biskuti vilevile, ilhali mama anayeuza nyanya sokoni ndiye aliyelazimika kutafuta pa kuzitia. Chupa za maji na za soda hazikuguswa.

Katazo la pili lilianza tarehe 5 Juni 2020. Hilo lilihusu plastiki za kutumika mara moja kwa jumla, yaani chupa, vikombe, vijiko, sahani na mirija, lakini ndani ya maeneo ya hifadhi tu: mbuga, misitu, fuo za bahari. Mwanafunzi wa Tana River asilione kuwa habari ya Maasai Mara. Kaunti yake ina hifadhi ya nyani kando ya mto, iliyoanzishwa mwaka 1976 kwa ajili ya mbega mwekundu wa Tana na mangabe wa Tana, wanyama wasiopatikana kwingine kokote duniani. Maji yanayopita katika hifadhi hiyo yamepita Garissa kwanza, yakapita jirani na Bura, na yataendelea hadi kwenye delta, ambayo tangu mwaka 2012 imo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Sheria imechora mpaka mahali ambapo mto hauna mpaka, na hiyo peke yake ni hoja ya dakika tatu kwa mtetezi aliyejiandaa.

Kuna somo jingine katika historia hii ambalo hupitwa haraka. Mwaka 2007 na tena mwaka 2011 Kenya ilijaribu kuzuia mifuko myembamba pekee, kwa kuweka kipimo cha unene. Majaribio hayo hayakufika mbali. Afisa aliyesimama sokoni hawezi kutazama mfuko kwa macho akajua una mikroni 30 au 25, na muuzaji naye hajui. Katazo la 2017 lilishika kwa sababu lilikuwa jepesi kutambua: mfuko upo au haupo. Rwanda ilikuwa imelijua hilo tangu mwaka 2008, na Tanzania Bara ikafuata njia hiyo hiyo Juni 2019. Mwanafunzi akilielewa hili, ataacha kusema serikali ichukue hatua, na ataanza kuuliza hatua ipi inaweza kusimamiwa na afisa mmoja mwenye pikipiki moja katika kaunti pana kama Tana River.

Sasa tuje Bura yenyewe, maana hapa ndipo watetezi wana hazina ambayo kitabu cha kiada hakiwapi.

Watoke nje, wautazame mti wa mathenge. Upepo wa kiangazi unapovuma, kila kilichotupwa kituoni na sokoni hupeperuka hadi kwenye miiba yake na kunasa hapo. Vipande vya plastiki huchanika kuwa nyuzi, jua huvifanya viwe vikavu na vya kukatika, kisha huangukia chini ya mti, mahali pale pale ambapo mbuzi huja kutafuta maganda ya mbegu za mathenge. Mfuko uliobeba chumvi, unga au mabaki ya chakula hubaki na harufu na ladha. Nyasi zikiisha, mbuzi hachagui. Anautafuna na kuumeza.

Kinachofuata kinafaa kuelezwa polepole, tena na mfugaji mwenyewe akipatikana. Chakula cha kawaida kikifika katika tumbo la kwanza husagwa na vijidudu, hurudishwa mdomoni kucheuliwa, kisha hushuka. Plastiki haisagiki na haicheuliki. Hujikunja, hushikamana na kamba na vipande vingine, na huwa donge linalokaa pale pale na kuendelea kukua. Mnyama huhisi ameshiba. Anapunguza kula, mgongo unakonda huku ubavu umejaa, na siku ya kuchinjwa ndipo mchinjaji analitoa donge kwa mkono, limeshikamana kama kamba iliyosokotwa, rangi yake imekuwa ya majani yaliyooza. Katika vichinjio vya Nairobi, kabla ya katazo la 2017, kuna ng'ombe waliotolewa mifuko 20 tumboni.

Kwa Waorma na Wardei, mnyama huyo ndiye akiba, ndiye karo, ndiye mahari. Mwenye duka aliyeutoa mfuko hapati hasara ukipeperuka. Kiwanda kilichoutengeneza hakipati hasara. Abiria wa basi la Malindi aliyetupa chupa dirishani yuko mbali. Anayelipa ni mfugaji, na hakuulizwa na mtu. Hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote kwa upande wa watetezi, na inafika mbali zaidi kuliko picha ya kasa kwa sababu inaonyesha mkondo wa gharama kutoka mkononi hadi zizini. Mkulima wa Kipokomo ana sura yake ya hasara hiyo hiyo: plastiki inayoziba mfereji wa kumwagilia, au inayozikwa shambani kila mto unapofurika na maji yakarudi.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imeigusa hoja hii. Imeleta wajibu wa mzalishaji, yaani anayeweka kifungashio sokoni aendelee kuwajibika kwacho hadi kinapokuwa taka, na kanuni za utekelezaji zikafuata mwaka 2024. Mtetezi mzuri atauliza: mzalishaji huyo anawajibika vipi katika mji ambao gari la kuzoa taka halipiti na takataka huchomwa shimoni nyuma ya jikoni?

Mathenge wenyewe una kisa ambacho pande zote mbili zinaweza kukitumia, na ningependa kila darasa la Bura likijue. Mti huo haukuota hapo tangu enzi. Uliletwa Bura mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Ufini, ili walowezi wa mradi wa umwagiliaji wapate kuni na misitu ya kando ya mto isikatwe. Nia ilikuwa njema kabisa. Baadaye ukafunga njia za mifugo, ukavamia kingo za mifereji na mashamba. Kule Baringo, ambako mti huo ulipandwa pia, katikati ya miaka ya 2000 wananchi waliifikisha serikali mahakamani, na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake akaletwa mbele ya jaji kama kielelezo. Mtetezi atasema: tazameni kitu kilicholetwa kwa urahisi kinavyogharimu vizazi. Mpinzani naye atajibu: tazameni suluhisho lililoletwa bila kuwauliza wenyeji linavyogeuka kuwa tatizo, na marufuku yenu nayo ni suluhisho la kuletwa. Wote wawili wana haki, na hapo mdahalo unaanza kuwa mdahalo.

Upande wa wapinzani huandaliwa vibaya zaidi, kwa sababu walimu wenyewe wanaamini ni upande wa kushindwa. Matokeo yake, wanafunzi wanaopewa nafasi hiyo husema maneno ya aibu aibu. Hiyo si haki kwao, na haiwasaidii watetezi pia, maana hoja isiyopingwa kwa nguvu haiimariki.

Waanze na maji. Tana ikifurika, kama ilivyofanya mwaka 2018, mwishoni mwa 2023 na tena 2024, visima huchafuka, vyoo hufunikwa, barabara hukatika, na kipindupindu kinakuwa tishio la kila kambi. Msaada unaofika huja ndani ya plastiki: maji ya chupa, pakiti za dawa ya kutibu maji, chumvi za kuongeza maji mwilini, glavu na sirinji za zahanati. Mpinzani amuulize mtetezi moja kwa moja: neno "kabisa" katika hoja yenu linajumuisha pakiti ya dawa ya maji? Akisema ndiyo, ameshindwa mbele ya kila mama aliyewahi kulala juu ya lami kwa sababu ya mafuriko. Akisema hapana, amekubali kwamba kuna plastiki ya lazima, na sasa lazima aseme mstari anauchora wapi.

Kuna swali gumu zaidi, na mwalimu asilikwepe kwa haya. Sodo nyingi zinazouzwa madukani, na zile zinazogawiwa shuleni chini ya marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2017, zina plastiki ndani yake na hutumika mara moja. Msichana wa Bura asipopata sodo hukosa masomo. Zipo za kitambaa zinazofuliwa, lakini zinahitaji maji safi, sabuni na mahali pa kuanika bila kuonwa na watu, na hayo yote ni adimu wakati wa ukame. Ningetaka swali hili liulizwe na msichana, akiwa upande wowote, na lijibiwe na mvulana ambaye amelifanyia kazi kabla ya siku hiyo. Mvulana huyo atajifunza kitu ambacho hotuba ya kasa isingemfunza.

Kisha waende kwenye mbadala. Karatasi nazo zinatoka mahali. Shirika la Mazingira la Uingereza lilichapisha mwaka 2011 uchunguzi uliolinganisha mifuko kwa mchango wake katika kuongeza joto la dunia. Kwa hesabu hiyo, mfuko wa karatasi ungehitaji kutumika mara 3, na wa pamba mara 131, ili kufikia kiwango cha mfuko mwembamba wa plastiki uliotumika mara moja tu. Namba hiyo ina uzito wa pekee Bura, kwa sababu mradi wa umwagiliaji wa Bura ulianzishwa kwa ajili ya pamba. Familia za kwanza zilifika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Katika hekta 6,700 zilizopangwa kwa awamu ya kwanza, zilizotayarishwa hazikufika nusu, pampu za mto zikawa ghali kuziendesha na kuzitengeneza, na kufikia miaka ya 1990 mradi ulikuwa umezorota kabla ya kufufuliwa baadaye na mazao mengine. Wazee wa vijiji vya mradi wanajua pamba inakunywa maji kiasi gani, inataka dawa kiasi gani, na mkulima anabaki na nini mkononi. Mwanafunzi akawaulize.

Mtetezi ana jibu la uchunguzi huo, na anapaswa kulijua: ulipima joto la dunia, haukupima tumbo la mbuzi. Mfuko wa pamba ukinasa kwenye mathenge utaoza. Kila uchunguzi hujibu swali ulilouliza, na mwanafunzi anayesoma namba bila kusoma swali lake atanaswa nayo.

Hivyo ndivyo ningeanza somo la takwimu. Katika mabishano ya 2017, Chama cha Wenye Viwanda Kenya kilisema katazo lingefunga kampuni 176 na kuwaondolea kazi watu 60,000. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilisema maduka makubwa peke yake yalitoa mifuko milioni 100 kwa mwaka. Namba zote mbili zilinukuliwa kila mahali. Mwanafunzi aulize juu ya kila moja: nani aliisema, lini, na alitaka nini kitendeke? Ile ya kwanza ilikuwa utabiri wa watu waliokuwa wakienda mahakamani kupinga katazo, na mahakama haikulisimamisha. Ile ya pili ilitolewa na shirika lililokuwa likiendesha kampeni. Haina maana kwamba ni za uongo. Ina maana kwamba zina mwenyewe, na msemaji lazima amtaje. "Inasemekana" ifutwe katika kila hotuba kabla haijapanda jukwaani.

Namba bora kuliko zote ni zile ambazo darasa limezihesabu lenyewe. Kundi moja likae karibu na duka kwa saa moja na kuandika kila plastiki inayotoka mlangoni: ni kitu gani, kimefunga nini, na kingeweza kufungwa na nini. Kundi la pili lipekue shimo la taka la shule, likiwa na fimbo na glavu, na kutenga chupa, vifungashio, kamba, viatu vilivyochakaa. Kundi la tatu liende kwa wazee kuuliza nyama, sukari, samaki na maziwa vilibebwaje kabla ya mfuko. Watasikia habari za vibuyu vya maziwa, za vikapu na majamvi ya majani ya mkoma, mti ambao ungalipo kando ya mto, na watasikia pia kile ambacho wazee huwa hawakisemi wasipoulizwa: kwamba kazi ya kusuka ilikuwa ya wanawake, ilichukua siku nyingi, na malipo yake yalikuwa kidogo. Kurudi kwenye kikapu ni kurudi kwenye kazi ya mtu fulani, na mtetezi aseme atamlipa nini.

Hotuba ziandikwe baada ya hapo, si kabla. Tofauti inaonekana mara moja. Mwanafunzi aliyekariri husimama na kusema: "Plastiki ni adui mkubwa wa mazingira yetu. Inaua wanyama na kuchafua dunia nzima. Kwa hayo machache, naunga mkono hoja." Aliyejiandaa husema: "Bwana Mwenyekiti, waamuzi wetu, walimu na wenzangu. Mfuko ukipeperuka, mwenye duka hapotezi kitu, ila mwenye mbuzi anapoteza mnyama. Tunaomba vitu vitatu viondolewe kwanza, chupa ndogo za maji, vikombe vya kutupwa na mirija, kwa sababu tumeona vyote vitatu katika shimo la shule yetu na kila kimoja kina mbadala hapa Bura leo. Hatuombi sodo wala glavu za zahanati." Mpinzani aliyejiandaa hatapiga kelele. Atainua mkono: "Hoja ya taarifa, Bwana Mwenyekiti. Mwenzangu, basi likisimama hapa saa nane mchana na abiria ana mtoto mwenye kiu, maji atauziwa ndani ya nini?"

Siku mbili kabla ya mdahalo pande zibadilishane. Aliyeandaa utetezi aandike hotuba fupi ya upinzani, na wa upinzani aandike ya utetezi, kisha kila mmoja arudi kwake. Wengine watalalamika kwamba wanalazimishwa kusema wasichoamini. Mwalimu awaeleze kwamba wanatakiwa kusikiliza hadi waweze kuisema hoja ya mwenzao vizuri kuliko yeye mwenyewe. Hata mataifa yamekwama hapo. Machi 2022 nchi za dunia zilikutana Nairobi na kuafikiana kuandaa mkataba wa plastiki wenye nguvu ya kisheria, lakini mazungumzo ya Busan mwaka 2024 na ya Geneva Agosti 2025 yalimalizika bila mkataba. Kilichowagawa zaidi ni kama utengenezaji wenyewe upunguzwe au juhudi zielekezwe kwenye kusimamia taka. Watoto wa Bura wakifika kwenye swali hilo wenyewe, kwa kuhesabu yaliyomo shimoni, watakuwa wamefika pale pale walipo wajumbe wenye suti.

Kuhusu waamuzi, nina ombi moja. Alama za ufasaha na kujiamini zipo, na zibaki. Lakini alama nyingi zaidi ziende kwa anayeijibu hoja nzito ya upande wa pili, badala ya kuirukia ile nyepesi. Mfugaji, mwenye duka na muuguzi waalikwe kuketi mstari wa mbele, na kila mmoja apewe nafasi ya kuuliza swali kabla ya kura. Na mwenyekiti akubali marekebisho ya hoja: kama ukumbi umeona kwamba "kabisa" haliwezi kusimama, mjumbe apendekeze orodha ya vitu na muda wa kila kimoja, mwingine aunge mkono, na kura ipigwe juu ya hiyo. Katibu aiandike orodha hiyo na kuipeleka kwa bodi ya shule, maana kantini na jikoni ya shule ni mahali ambapo uamuzi wao unaweza kutekelezwa muhula huo huo.